Beseni la Mdogo Wangu

Kwa miaka mingi nimejisomea habari za kompyuta za kwantamu kwenye simu, nyumbani kwetu Magomeni. Msikilizaji wangu ni mama. Jioni akibangua korosho huniuliza nimesoma nini. Siku ile nilimweleza kwamba kompyuta ya kawaida hutunza kila kitu kwa sifuri au moja, lakini chembe ya kwantamu huweza kubeba zote mbili kwa pamoja mpaka ipimwe.

"Na ukiipima, unapata nini?"

"Sifuri au moja, na huwezi kujua mapema."

"Sasa faida yake nini, baba?"

Nilikuwa bado natafuta maneno wakati mdogo wangu wa kike, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, alipovuta beseni la maji ya kuoshea muhogo. Akachovya vidole viwili kwa pamoja, mawimbi madogo yakaenea na kukutana.

"Tazama, mama. Hapa yanaongezana, pale yanauana. Chembe hizo nazo huenda kama mawimbi haya. Mashine hupangwa ili majibu mabaya yauane, lile sahihi lipate nguvu. Ndipo unapima."

Mama akaacha kubangua. "Kumbe. Kaka yako huzunguka sana."

Wakacheka. Yote aliyosema niliyajua kabla hajaanza chuo. Nilichokosa ni beseni, nalo lilikuwa miguuni pangu.

Kesho yake shangazi alipotutembelea na kuuliza tunazungumza nini siku hizi, mama hakunigeukia. Alichovya vidole mwenyewe, akaeleza bila kukosea, kisha akasema amefundishwa na binti yake.