Zulmira na Uwanja Uliojaa Maji

Zulmira Pantoja, fundi cherehani mstaafu wa mjini Belém, Brazili, hakuwahi kushindwa na kitambaa chochote. Kilichomtoa jasho ni ukoka.

Aliupenda alipouona kwa muuza miche: laini, kijani kibichi, kama mahameli. Akaupanda mbele ya nyumba. Ikaja masika, na Belém mvua haipigi hodi. Uwanja ukawa dimbwi, ukoka ukaingia kuvu, ukageuka manjano. Mumewe, Osmarino, aliyeienzi mashine yake ya kukatia nyasi kuliko hata mpira, akazidi kuunyoa ungali umelowa, akiacha makovu ya matope.

"Shoga, bata unawaleta lini?" jirani yao Lindalva alimtania kutoka barazani kwake.

"Cheka tu! Ukija kuomba mayai, sikupi."

Lakini moyoni aliumia. Siku moja mvua ilipokuwa inamwagika, alitoka na mwavuli, akasimama kutazama maji yanaelekea wapi. Hayakwenda popote. Hapo akaelewa: alichagua kwa macho, hakuiuliza ardhi.

Mvua ilipopungua alichimba mfereji wa kutoa maji, akachanganya udongo na mchanga. Chini ya mdarabi, kwenye kivuli kizito, aliacha kulazimisha nyasi. Akapanda mayugwa ya mapambo yenye majani mekundu. Penye jua akapanda mmea utambaao wa jamii ya karanga, wenye maua ya manjano, usiohitaji kunyolewa kila mara.

"Na mashine yangu niifanyeje?" Osmarino alilalamika.

"Ipumzishe, mzee wangu. Nawe upumzike."

Osmarino alinuna. Kulipokucha, Zulmira akasikia injini ikinguruma. Alitoka mbio na aproni yake, akajibwaga katikati ya miche.

"Anza na mimi!"

Osmarino alimtazama mkewe alivyoketi kwenye tope, nywele timtim. Kicheko kikamshinda. Akaizima mashine, akaja kuketi kando yake, akaanza kung'oa magugu.

Maua yalipochanua, Lindalva alikuja na bakuli la uji wa asaí, tunda la zambarau la huko kwao.

"Shoga, nikatie vipande vichache nikapande kwangu."

Kabla Zulmira hajajibu, Osmarino alikwishashika kisu.

"Njoo, mama, nikuonyeshe," alisema kwa madaha ya profesa. "Kwanza tutazame maji yako yanakwenda wapi."

Alirudi jioni, magoti yamejaa tope, anapiga mluzi.