Ndimi za Pikipiki ya Baba Mdogo

Enzi zetu pikipiki haikuwa na kitufe cha kuwashia. Ilikuwa na sisi. Pale Kinampanda, Baba Mdogo Yona alikuwa na moja ya kuchanganya petroli na oili. Tuliisukuma mpaka ikohoe, na ujira wetu ulikuwa moshi wa buluu, tuliounusa kama harufu ya maandazi.

Jumamosi moja aliifungua. Kesho yake alitakiwa Ulemo, kujitambulisha kwa wazazi wa Anna, na kijiji kizima kilijua kwamba baba yake Anna alikwisha kumkataa mchumba mmoja kwa kuchelewa tu. Baba Mdogo akataka pikipiki iende mbio kuliko kawaida. Kati ya kabureta na injini akakuta vibati vyembamba kama ganda la kitunguu, vimelala vimeziba njia. Hizo ndizo ndimi za injini, lakini yeye aliona vizuizi. Akazifungua, akazitia mfukoni, akatangaza kwamba sasa itapumua.

Ilipumua kweli, ila kwa kurudi nyuma. Jumapili tuliisukuma hadi kanisani na kurudi, waumini wakitupisha. Kila ilipokohoa, kabureta ilimtemea petroli kwenye suruali iliyopigwa pasi ya mkaa.

Bibi alikuwa ameketi karibu na banda lake la kuku akichambua mlenda. Mlango wa banda ulikuwa kipande cha debe kilichoning'inizwa kwa juu. Kuku akiusukuma kwa kichwa anaingia, nao unajifunga nyuma yake; akitaka kutoka, unagota kwenye mti wa kizingiti. Bibi akamtazama mwanawe.

"Yona," akasema, "mimi nikiung'oa huu mlango ili kuku wapumue, jioni nitafungia nini?"

Baba Mdogo akamtazama kuku mmoja akiingia. Kisha akatia mkono mfukoni, akazitoa zile ndimi; sasa alielewa. Pistoni ikipanda, injini inavuta, ndimi zinafunguka, petroli na hewa vinaingia. Pistoni ikishuka inasukuma, ndimi zinajifunga, na kilichoingia hakina pa kwenda ila juu, kwenye moto. Hakuna anayezipangia saa. Injini ikikimbia, nazo zinakimbia.

Alizirudisha, tukasukuma kidogo tu, ikanguruma.

Ya Ulemo tulisimuliwa baadaye. Alifika watu wamekwisha kula. Akatoa shikamoo, baba yake Anna akaitikia marahaba huku akisogeza kiti mbali naye.

"Kijana, unanuka kama koroboi."

Baba Mdogo hakusingizia pancha. Alieleza yote: ndimi, debe, kuku. Mzee, naye mfugaji wa kuku, alicheka mpaka akaomba maji.

"Anayemsikiliza mama yake," akasema, "hatashindwa kumsikiliza mkewe."

Siku hizi kijana anabonyeza kitufe, anafika ukweni mapema akinukia manukato. Hana cha kumsimulia mkwe, basi wote wawili wanatazama simu. Ile pikipiki ilikwenda na wanunuzi wa vyuma chakavu, na Bibi hatunaye tena. Lakini nikimtembelea Baba Mdogo, jioni Mama Mdogo Anna huusukuma kwa kidole mlango wa debe wa banda lake, kuona kama unajifunga. Kisha humuuliza mumewe kama leo auache, au aung'oe ili kuku wapumue. Wajukuu hawajui wazee hao wanacheka nini.