Mimi, Mkwe Wangu na Kompyuta Iliyoganda

Chekeni mapema mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Mimi, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, mwanamke ninayeheshimiwa Sapiwi nzima (wasioniheshimu hawazidi watatu na wote nawajua), nilitoka ghalani kinyumenyume mbele ya wanaume wenye marungu, pamba kichwani, pamba puani, kinyesi cha kuku kwenye khanga, nimekumbatia kompyuta ya mjukuu wangu kama kichanga. Hakuna aliyenisukuma humo. Nilijipeleka mwenyewe kwa kupenda sifa.

Mjukuu wangu Minza ni fundi wa programu za kompyuta. Mimi shule niliishia la tatu, kwa hiyo nawaeleza kama alivyonieleza yeye. Kuna programu zilizotengenezwa kwa kompyuta za ukoo mmoja, ukoo wa Unix, halafu kuna watu wanataka programu hizohizo zifanye kazi kwenye kompyuta za ukoo mwingine usiojua mila za Unix, sasa Minza na wenzake wanatengeneza kitu cha kukaa katikati kama mshenga, upande huu ukiomba jambo kwa mila ya kwao, yeye analigeuza kwa mila ya upande wa pili, na kila mmoja anajiona yuko nyumbani. Kazi nzuri. Ila huyo mshenga alikuwa na ugonjwa. Mara mojamoja, bila taarifa, programu zinaganda. Hazianguki, hazilalamiki, zinakaa tu zinatazamana. Unaweza kuziendesha mara elfu zikaenda vizuri, ya elfu na moja zikagoma.

"Bibi, ingekuwa inaganda kila mara ningeshaimaliza," Minza aliniambia, macho mekundu kama ya mtu aliyepika kwa kuni mbichi. "Tatizo inaganda inapotaka yenyewe. Na nikiizima ushahidi wote unapotea. Lazima niikute imeganda vilevile, niangalie nani anamsubiri nani."

Bosi wake alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Ijumaa ikipita, kazi anapewa mtu mwingine na mkataba wa Minza unaishia hapo. Alikuwa ameiwinda siku tatu hajaiona, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mchana ule bando likamwishia, akataka kukimbia senta kununua jingine. Akanikalisha ndani mbele ya kompyuta. "Bibi, ona hizi namba, zinahesabu imeendeshwa mara ngapi. Zikipanda, sawa. Zikisimama, usiguse kitu chochote, chukua simu unipigie."

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "nimechunga ng'ombe sitini, nitashindwa na namba?"

Akaondoka. Nikakaa. Namba zinapanda. Sasa jamani, kazi kubwa namna ile naifanya ndani ya nyumba, nani ananiona? Na Alhamisi ndiyo siku kina mama wa kwaya wanapita njia ya mbele yangu kwenda mazoezini. Nikachomoa waya wa sola, nikaibeba kompyuta taratibu kama uji wa moto, nikaweka kigoda karibu na lango, pembeni ya ghala la pamba, nikavaa miwani. Simu nikaisahau ndani. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, ingawa wakati huo nilijiona mwenye akili kuliko wote.

Kina mama wakapita. "Mayu," wakaniita, yaani mama, "unafanya nini tena hapo?"

"Kazi ya kompyuta."

"Ehe! Hata wewe?"

"Kwani nina kasoro gani?" Wakaenda wakigeukageuka. Nilisikia raha ambayo hata kwenye harusi yangu sikuisikia.

Hawajafika hata kwenye kona nikasikia mtu anakohoa njiani. Kikohozi kile nakifahamu. Ni cha mkwe wangu, baba yake Minza, anayeishi Kimali (jina lake msiniulize, mimi silitamki). Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani uso kwa uso. Akija huyu, yule anampisha, na kwa miaka yote hiyo hatujawahi kukosea, kwa sababu pikipiki yake inanguruma kama mashine ya kusaga, ikiwa bado bondeni mimi nimeshahamia kwa jirani. Siku hiyo tairi lilipasukia senta, pikipiki akaiacha kwa fundi, akaja kwa miguu. Kimya kabisa.

Nyumba iko ng'ambo ya uwanja, lango lenyewe anaingilia yeye. Nikaruka ghalani na kompyuta yangu, nikajizika kwenye pamba kadiri nilivyoweza. Ghala halina mlango, mchwa waliula zamani. Mkwe akaingia, akapiga hodi, kimya, akavuta kigoda kingine akakaa barazani. Nikasema moyoni, atachoka ataondoka. Hakuondoka. Nami sikuweza kutoka, maana nikitoka tu tunakutana macho.

Humo ghalani kulikuwa na kuku wangu anaatamia, ambaye nilikuwa nimemkalia jirani mno. Akanidonoa bega. Nikanyamaza. Akanidonoa sikio. Nikanyamaza kwa heshima ya mkwe, machozi yananitoka. Natazama kompyuta: elfu nne mia tatu na kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili.

Imesimama!

Kile mtoto alichokiwinda siku tatu kiko mapajani mwangu, na alama ya chaji imekuwa nyekundu.

Mara nikasikia sauti ya Minza uwanjani. "Shikamoo baba! Bibi yuko wapi?"

"Marahaba. Yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo tu, mama."

Minza akaingia ndani. Akakuta waya unaning'inia, kompyuta hakuna. Jamani, mtoto huyu kasoma mpaka chuo kikuu lakini damu ni ya Kisukuma: akatoka akapiga mwano, lile yowe letu la ng'ombe wameibiwa, mpaka mbwa wakajificha. Hata mia moja hujahesabu, watu wakajaa uwanjani. Wa kwanza Mzee Sayi, jirani yangu, rungu mkononi, anahema.

"Wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Ng'ombe!"

"Si ng'ombe, babu, ni kompyuta!"

"Imeelekea wapi?"

Wakaanza kugawana njia, wengine waende bondeni, wengine barabarani, na Minza naye anajifunga khanga kiunoni aende nao. Chaji imebaki asilimia sita. Nikaona wazi kabisa: nikikaa humu mtoto atamkimbiza mwizi asiyekuwepo mpaka jioni, kompyuta itajifia mapajani mwangu na Ijumaa yake imekwisha. Nikitoka, mkwe ananiona, na kijiji kizima kinashuhudia.

Nikageuka, nikampa mkwe mgongo, nikatoka kinyumenyume. "Msiiguse! Imeganda! Msiiguse!"

Watu wote wakarudi nyuma hatua mbili. Mzee Sayi akashusha rungu, akauliza kwa upole, "Inauma?"

Mkwe wangu alikuwa amejifunika koti kichwani na kugeukia ukuta. Minza hakucheka wala hakugomba, alinipokonya kompyuta mbio mpaka kwenye waya, akaketi akaandika, akasoma, akaandika. Wanaume wamesimama na marungu yao, kuku anaendelea kunitukana kule ghalani. Halafu Minza akaanza kucheka mpaka akalala sakafuni.

"Baba," akaita, "ulijua bibi yumo humo?"

Sauti ikatoka ndani ya koti. "Mwambieni mama mkwe niliona mguu. Ningeondoka, lakini kufika langoni lazima nipite pale. Nilikuwa nangoja atoke kwanza."

"Mwambieni mkwe," nikasema nikitazama ua wa minyaa, "na mimi nilikuwa nangoja aondoke kwanza."

"Ndiyo hiyo!" Minza akapiga mapaja. "Ndiyo hiyohiyo!"

Akatueleza wote palepale. Kumbe mle ndani programu moja inazaa nyingine, wanaziita mzazi na mtoto. Mzazi ameshika kufuli, kitu ambacho hushikwa na mmoja tu kwa wakati, anamngoja mtoto aseme nimefika, na mtoto hawezi kusema mpaka apate kufuli lile. Kila mmoja anamngoja mwenzake, wanakaa hivyo mpaka kiama. Siku nyingi mtoto anawahi kusema kabla mzazi hajashika kufuli, mambo yanapita. Akichelewa kidogo tu, wote wameganda.

"Sasa dawa yake?" akauliza Mzee Sayi, ambaye sasa alikuwa ameketi chini kabisa kama yuko darasani.

"Anayengoja aachie kufuli kwanza, ndipo angoje."

"Hilo tu? Siku tatu?"

"Hilo tu, babu."

Jioni ile alirekebisha, akaiacha inaendeshwa mfululizo, na Ijumaa mchana namba zilikuwa zimepita elfu ishirini bila kusimama. Akatuma. Mkataba ukaendelea. Mimi na mkwe tulikalishwa na wazee, wakaamua nimtumie kuku wa kuondoa aibu, nami nikamtumia yuleyule mwenye mdomo, na mayai yake (nasikia sasa anawadonoa watu wa Kimali).

Ningesema yameishia hapo, lakini bosi alimuuliza Minza alifanyaje kuunasa ugonjwa ulioshinda watu wazima ofisini, na huyo mtoto asiye na siri akamwandikia yote, ghala, pamba, mkwe, mguu. Wamecheka watu ambao hata lugha yao sijui.

Basi naapa mbele yenu: kompyuta ya mtu siitoi tena nje, hata kina mama wa kwaya wapite kwa mstari. Nikitaka kujisifu nitajisifu kwa mdomo, mdomo hauhitaji chaji.