Matone ya Jicho Niliyoyashuku

Tangu biashara iwe huria na kila mtu hapa Mbinga afungue duka, mimi simwamini muuza dawa yeyote. Tawi la mti wa kahawa liliponichoma jicho shambani na jicho likaingia ukungu, yaani fangasi, nilinunua matone kwa Baba Keti mwenye duka la dawa. Niliyatumia kama nilivyoelekezwa, lakini jicho likazidi kuwa jeupe. Nikajua tu: kayachanganya na maji!

Nikamburuta hadi hospitali, foleni nzima ikituangalia. "Daktari, anayetupofusha ni huyu hapa!"

Daktari akaikagua chupa. "Mzee, dawa ni halisi. Shida ni kwamba ukungu wako umeshaizoea. Huenda ukungu huo uliizoea huko huko shambani, maana baadhi ya dawa za ukungu wa kahawa ni ndugu na hii. Wewe unapulizia kahawa yako?"

"Kila wiki!" nikajibu kwa majivuno. "Tena nazidisha kipimo mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

"Si kwa sababu hata hiyo ya kahawa ananiuzia huyu, na mimi simwamini?"

Daktari akashusha pumzi. "Basi aliyeuzoesha ni wewe."

Kidole changu kilikuwa bado kimemwelekea Baba Keti. Kwa jicho langu zima nikaona foleni yote ikinitazama mimi.