Viunza vya Baba

Baba alifariki kabla ya alfajiri. Jua lilikuwa halijapanda sana aliponijia ami, mdogo wake baba, nyuma ya nyumba akaniambia, "Viunza hamna."

Nilijua. Baba ndiye aliyekuwa akikatia kijiji kizima viunza, zile mbao fupi zinazofunika mwanandani, shimo la ndani ya kaburi, ili udongo usimwangukie maiti. Siku zote aliweka akiba bandani. Akiba ya mwisho ilikwenda kwa mtoto wa jirani, na wakati huo baba alikuwa keshalala kitandani kwa ugonjwa, hawezi kukata nyingine. Kilichobaki ni vipande vya gogo la mtondoo, vikavu, na msumeno wake wa cheni, wa betri.

"Utapasua wewe," ami akasema. "Tunamswalia Adhuhuri."

Niliitikia kwa kichwa tu. Mimi mbele ya watu sauti hunikauka. Darasani jibu nalijua na mkono sinyooshi. Na siku ile wanaume walikuwa wamejaa uani, wote wananitazama.

Niliuwasha msumeno. Uliingia kidogo kwenye mti, ukalia kwa uchungu, ukazima. Taa nyekundu ya betri ikawa inapepesa.

"Kandamiza!" ami akasema. "Mtondoo huo, hautaki kubembelezwa."

Nikakandamiza. Ukatoka moshi, na vumbi laini kama unga, kisha ukazima tena. Nilichomoa betri, ilikuwa moto. Nikaiweka kivulini, ikapoa, nikairudisha. Ukazima vilevile.

"Betri ishakwisha hiyo, yakhe," alisema binamu yangu wa bodaboda. "Mpeni shoka, na yeye apate kifua."

Wawili watatu wakacheka, wakakumbuka msiba, wakanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku na betri nyingine hatukuwa nayo. Kila nilipolazimisha, niliila chaji ya hiyo hiyo.

"Pengine si betri," nilisema, lakini nilijisemea mwenyewe.

Niligusa cheni. Ilinichoma, na ilikuwa kavu kabisa. Nikakata jani la mgomba, nikaelekeza ncha ya msumeno juu yake, nikauzungusha bila mti, kama alivyokuwa akifanya baba. Mafuta yakifika kwenye cheni huchora mstari juu ya jani. Hakikutoka hata kitone. Na tangi lilikuwa limejaa! Nilipofungua kifuniko niliona weupe. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda kwa baridi ya kipupwe.

Kwa kuni na nguzo baba alitumia mafuta ya mashine. Kwa viunza alimwaga yale yote, akafuta tangi, akatia mafuta ya nazi. Nilipomuuliza sababu aliniambia, "Mtu ameoshwa, ametiwa manukato, halafu umfunike kwa mbao inayonuka gereji?"

Binamu alishakuja na chupa ya oili chafu ya pikipiki. Akainama kuimimina.

"Hapana," nikasema.

Safari hii walinisikia. Ami aligeuka. "Hapana nini? Kaburi lishachimbwa, watu wanangoja, wewe unachagua mafuta?"

"Baba hakutaka."

Nikaziba mdomo wa tangi kwa kiganja. Ami aliitazama chupa, akanitazama mimi, halafu akatazama chini. "Haya. Fanya upesi."

Nilichomoa betri, nikaubeba msumeno hadi kwa wanawake, kwenye moto uliochemshiwa maji ya kumwoshea. Shangazi alisogeza kuni pembeni, akaniachia makaa. Nikaushika msumeno juu ya joto, mbali kidogo, nikiugeuzageuza, huku nikizibua tundu la mafuta kwa waya. Nyuma ya pazia wanaume walikuwa wanamwosha baba. Nilisikia maji yakimwagwa, yakitulia, yakimwagwa tena. Nilijitahidi kutazama tundu tu.

Yaliyeyuka. Nikarudi kwenye jani, na mstari ukachorwa.

Sasa msumeno uliingia wenyewe, na badala ya vumbi zikaanza kuruka chembe nene. Nilikuwa nauinua kidogo kila ukianza kulia, naacha upumue, nauteremsha. Ami alinishikia mbao. Hakuniambia tena nikandamize. Lakini betri tulishaiumiza asubuhi, na ilikuwa imebaki taa moja. Kiunza kikaanguka, kikafuata kingine. Kwenye cha mwisho msumeno ulinyamaza katikati, na taa hazikuwaka tena hata hiyo nyekundu.

Adhana ikaanza msikitini.

Ami alichukua shoka akakimalizia. Kilipasuka kombo, kikatoka chembamba upande mmoja.

Baada ya swala, makaburini aliteremka ami kuvipanga. Vyote vilikaa sawa, isipokuwa hicho. Alikigeuza huku, akakigeuza kule, na upande wa miguu ukabaki uwazi kama viganja viwili. Kutoka juu niliiona sanda. Nyeupe sana.

"Udongo maji," ami akasema, mkono juu.

Watu wakaanza kukanda udongo kwa maji. Mimi nilikwishapiga magoti ukingoni, nikateremka bila kuambiwa. Ami alinipisha. Nikaukamata udongo, nikaushindilia kwenye ule uwazi kwa vidole, tonge kwa tonge, mpaka weupe ukawa mstari, kisha nao ukapotea.

"Panda, mwanangu," ami akasema. "Watu wafukie."