Ngazi za Miguu Yangu

Mwanangu alikuwa ametimiza miaka tisa na mimi bado nilikuwa nambeba mgongoni. Nambeba kwelikweli, kwa kitenge, kama anavyobebwa mtoto wa miezi sita, isipokuwa mtoto wa miezi sita hakuambii usijitingishe kwa sababu anamalizia ukurasa.

Miguu yake haikupata nguvu tangu azaliwe. Mikono anayo, na mdomo anao, Mungu ashukuriwe. Nyumba yetu iko Old Moshi, chini ya barabara, ndani ya kihamba, shamba la ukoo walilorithi mume wangu na kaka yake. Kutoka mlangoni hadi barabarani ni kupanda tu, katikati ya migomba na mibuni, juu ya mizizi na mawe yaliyokaa yanavyotaka yenyewe. Masika ikiingia udongo unateleza hata ng'ombe wanasita. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kinalala juu, kwenye duka la jirani kando ya barabara, maana hakuna aliyeweza kukishusha na kukipandisha kila siku. Kwa hiyo kila asubuhi nilimpandisha mgongoni. Kule juu kuna jiwe pana. Nikifika naligeuzia mgongo, nainama, nafungua kitenge, anakaa kwenye jiwe, halafu namhamishia kwenye kiti. Jioni tunaanza upya.

Baba yake hubeba mizigo ya wageni mlimani. Akirudi analala siku mbili, anaamka anasema mabega yanamuuma. Nilikuwa namtazama tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wangu ulikuwa unaongezeka kilo kila mwaka na kuniuliza maswali ya hesabu njiani.

Mwaka ule mgongo ukagoma. Hospitali ya mjini wakanipiga picha, wakaniambia nisinyanyue kitu kizito. Nikamuuliza daktari mtoto ni kitu? Wiki hiyohiyo mwalimu wa darasa la nne akaniita. Alisema kwa upole kwamba masika ile mtoto amekosa siku nyingi kuliko alizohudhuria, kwamba ana akili na ni hasara, na kwamba amemtafutia nafasi ya bweni mjini, shule yenye watoto kama yeye. Walitaka jibu kabla ya likizo ya mwezi wa sita kwisha. Mtoto alikuwa nje dirishani, kwenye kiti, anasikia kila neno. Usiku ule aliniuliza jambo moja tu, kama bweni wanaogea maji ya moto.

Sikutaka aende. Najua wapo wanaosema mama wa namna hiyo ni mbinafsi. Waseme. Mtoto asiyeweza kwenda chooni peke yake hapelekwi kwa wageni kwa sababu tu kwao kuna kilima.

Basi nikaomba msaragambo. Huku kwetu kazi inayowashinda wa nyumba moja hutangazwa kanisani baada ya ibada, na siku ikifika kila nyumba inatoa mtu na jembe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikasimama mbele ya watu, nimechoka, sauti haitoki vizuri, nikasema njia ile inaniua, naomba mnitengenezee nipite. Hayo ndiyo maneno niliyotamka. Nimeyarudia kichwani mara nyingi sana tangu siku ile.

Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyesimamia. Ni mtu mkali, haongei sana, na akishika sururu vijana wanaona aibu kupumzika. Mimi nilikaa jikoni. Kwa desturi yetu mwenye msaragambo hupika, hasimamii watu waliokuja kumsaidia, maana ni kama kuwaambia huwaamini. Nikapika machalari ya ndizi na nyama sufuria mbili, pombe ya mbege ilikuwa tayari, na kutwa nzima nikawasikia huko juu wanapasua mawe na kucheka. Mwanangu alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Niliimba.

Saa kumi wakaniita nikaone.

Walikuwa wamejenga ngazi. Ngazi nzuri, jamani. Mawe yamechongwa, kila kidato kimezuiwa kwa gogo la mgrivilea, pembeni wamesimamisha miti ya kushikilia. Thelathini na nane, kutoka uani mpaka barabarani. Shemeji alipanda na kushuka mara mbili kunionyesha kwamba hakitikisiki kidato hata kimoja. Wote walinitazama usoni.

Miaka yote walikuwa wameniona mimi. Mwanamke aliyeinama, mtoto mgongoni, anatafuta pa kukanyaga. Kiti walikiona dukani, au shuleni, au mlangoni pa kanisa, kwenye tambarare. Nani angewaza kwamba kiti kinatakiwa kishuke nyumbani? Nami nilisema nipite. Wakanitengenezea mimi nipite.

Nikasema asanteni sana, Mungu awabariki. Nikawapakulia chakula. Mzee mmoja wa kanisa akaomba, na mimi nikasema amina na machozi yakanitoka, wakadhani ni ya shukrani. Mwanangu, aliyeletwa uani na mkeka wake, alizitazama zile ngazi, kisha akanitazama, akarudi kwenye kitabu chake.

Nilimbeba kwenye ngazi hizo siku sita. Kweli hazitelezi. Lakini mgongo haukuwa unalalamikia utelezi. Siku ya saba, katikati, ukajifunga. Sikuweza kupanda, sikuweza kushuka. Nikashika mti wa pembeni kwa mikono miwili, jasho linanitiririka, na mtoto mgongoni ametulia kabisa, hata pumzi anaibana ili asinizidishie uzito.

Kisha akasema sikioni mwangu, "Mama, nipeleke tu bweni. Hata maji ya baridi nitaogea."

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, si yeye. Niliteremka kinyumenyume, kidato kwa kidato, kama mlevi, nikamketisha uani, nikalala chini kando yake mpaka mgongo ulipolegea. Nikaanza kufikiria namna ya kumwambia shemeji kwamba kazi ya watu wote wale haikumfaa aliyekusudiwa. Kwetu kuikataa kazi ya msaragambo ni tusi. Watu wanaweza wasije hata msibani kwako.

Nikaenda kwenye uzio wa isale, ule mmea wenye majani marefu tunaopanda mipakani. Nikachuma jani moja nikalifunga fundo. Ukimkosea mtu kabisa unampelekea hilo, naye akishalipokea hawezi kukunyima msamaha. Sikuwahi kulitumia maishani mwangu. Nikamkuta shemeji anakatia ng'ombe majani. Nikasema shikamoo, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Alilitazama muda mrefu, mpaka nikaogopa.

"Umefanya nini?" akauliza.

Nikamweleza yote. Kiti, daktari, mwalimu, bweni. Nikamwambia nilipaswa kusema njia ya kiti, nikaona haya kuagiza watu wanaonisaidia, na baada ya kazi nikaona haya zaidi. Alichukua jani. Aliweka panga chini, akatangulia kuelekea kwetu, mimi nyuma najikokota. Alikuwa ameumia moyoni, nilimwona kwa mgongo wake.

Alifika akachuchumaa mbele ya mtoto. Alikuwa hajawahi kuongea naye zaidi ya kuitikia marahaba. Akamuuliza kama angekuwa ni yeye mwenye kujenga, njia angeipitisha wapi.

Mtoto alinitazama kwanza. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya nyumba, kwenye mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu. "Baba mkubwa, toroli la samadi linapita pale," akasema. "Kila Jumamosi naliona. Linatoka barabarani mpaka hapa na anayelisukuma hata hahemi."

Mfongo wetu unapita chini ya barabara huko mbali, kwenye kalavati, halafu unazunguka ubavu wa kilima taratibu mpaka kwetu, maana waliouchimba walitaka maji yatembee, yasikimbie. Kando yake huachwa ukingo wazi kwa ajili ya wanaosafisha mfereji, na hakuna anayeruhusiwa kulima pale. Ni mzunguko, mara tatu ya njia ya ngazi, ila karibu ni tambarare. Samadi ilikuwa na njia miaka yote hiyo. Mwanangu hakuwa nayo, na aliyeiona ni yeye, kwa sababu sisi wengine tulikuwa na miguu na haraka.

Shemeji alitangaza mwenyewe kanisani Jumapili iliyofuata. Alisema kazi haijaisha, basi. Sijui ilimgharimu nini, na sikuuliza. Safari hii sikupika, akapika mke wake, mimi nikasimama penye kazi kinyume cha desturi, na minong'ono niliisikia. Kiti kilishushwa kikapitishwa mbele ya wenye majembe, na pale kilipokwama ndipo walipochimba. Upande wa maji wakapanda isale na kukaza fito.

Shule zilipofunguliwa nilishika mishikio ya kiti nimsukume. Akaniambia niachie, ataendesha mwenyewe kwa mikono. Tukabishana kidogo. Shemeji alitokea na jembe begani, akasema anakwenda kuangalia kama maji yanavuja, na kama kuna mtu anaelekea huko waongozane. Wakaondoka, mtoto mbele, yeye nyuma hatua tatu, mikono yake haigusi kiti. Maji hayakuwa yanavuja popote.

Mimi nikapanda ngazi, nikawasubiri juu. Thelathini na nane, mgongo unauma vilevile, hata bila mzigo. Nilipofika nilikuwa nimechoka uchovu wa miaka yote tisa. Nikaligeuzia mgongo lile jiwe, nikainama, nikapeleka mikono kifuani kufungua fundo la kitenge. Mikono ikatafuta, haikukuta fundo. Nilikaa vivyo hivyo, nimeinama, mpaka niliposikia magurudumu yanakuja barabarani.