Azarias na Vinanda vya Kompyuta

Kanisa la mtaa wa Beechmont, hapa Louisville, Marekani, lilipouzwa, Azarias hakulililia jengo. Alililia kinanda alichokuwa akiwapigia Warundi wenzake. Kilikuwa kinanda cha umeme cha zamani, cha mbao, na kando yake kabati lenye pembe inayozunguka ndani, ile inayoifanya sauti itetemeke kama ya mtu anayejizuia kulia. Wamarekani wenye kanisa walikuwa wazee, wakafa mmoja mmoja, na waliobaki wakauza. Kinanda kikapakiwa kwenye lori la takataka. Warundi waliokuwa wakiabudu pale mchana wakahamia ukumbi mmoja kule Shively, usio na chombo chochote cha muziki.

Azarias alizaliwa na kukulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko ndiko alikojifunza kupiga, kwenye kinanda kidogo cha betri. Hapa Louisville alikuwa mtu wa kiwandani, akisimama kutwa nzima mbele ya mashine ya kukata mabati. Vizibo vya masikio walipewa, lakini ukivivaa humsikii msimamizi akiita, na asiyeitika huonekana mvivu. Basi hakuvivaa.

Aliyemtia moyo ni Karekezi, mwenzake wa kambini, aliyekuwa akipiga kinanda katika kanisa moja la Columbus.

"Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoiga vinanda vile," alimwambia kwenye simu. "Nakutumia tatu. Zipige zote, kisha tulinganishe."

Azarias akaunganisha kibodi na kompyuta, akapiga pambio lile lile kwa kila programu. Karekezi naye alikuwa amekwisha kuzijaribu.

"Ya kwanza kavu," alisema. "Ya pili kali, inachoma masikio. Lakini ya tatu ina pumzi, hata kidole kikigusa kibao unasikia. Wewe waonaje?"

"Naona hivyo hivyo," Azarias akajibu.

Alikuwa anadanganya. Kwake zote zilikuwa sauti moja, kama imefunikwa blanketi. Akazilaumu spika, akatafuta nyingine. Blanketi halikuondoka.

Wakati huo dada yake Delfina, aliyeishi Buffalo, alikuwa anamalizwa na saratani. Siku moja alimpigia, sauti yake nyembamba mno hata Azarias akamwomba arudie.

"Kaka, siku yangu ikifika nipigie kwa ile sauti ya Beechmont. Nisizikwe kimya kimya."

Hapo Azarias akaona hawezi kuchagua kwa kubahatisha. Akaendesha gari mpaka Columbus, kwa kuwa kanisa la Karekezi lilikuwa bado na kinanda cha aina ile ile. Karekezi akaweka kompyuta juu yake.

"Geukia ukutani," akasema. "Nitapiga programu zote na kinanda chenyewe. Uniambie kinanda ni kipi."

Akapiga. Azarias akasikiliza kwa mwili wote.

"Cha mwisho," akasema.

"Cha mwisho ni ile programu inayochoma."

Wakarudia. Akakosea tena. Karekezi akafunika kinanda taratibu.

"Ndugu yangu, tatizo si programu."

Mpimaji wa masikio alimwonyesha mstari unaoporomoka kwenye karatasi. Sauti za juu zilikuwa zimekwenda, wala hazingerudi. Nyumbani mkewe Spés alimwuliza wamesemaje.

"Nta tu. Wameisafisha."

Delfina akafa theluji ikiwa imeziba njia za mtaa wake wa Bailey, kule Buffalo. Siku ya mazishi, katika kanisa la huko, Azarias akafungua programu ya tatu, kwa kuwa Karekezi ndiye aliyeisifu, akaanza. Akaona sauti haina uhai. Akavuta vishikio vya sauti za juu kwenye kioo cha kompyuta mpaka mwisho, akaongeza na ukubwa wa sauti. Watu wakainamisha vichwa, naye akadhani wanalia. Kisha akamwona Kanyana, binti wa marehemu, kando ya jeneza, ameziba masikio kwa viganja. Binti alisema jambo kwa Kiingereza. Azarias hakulisikia.

Spés akainuka. Akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akavirudisha vile vishikio kimoja kimoja, kisha akaweka mdomo sikioni mwa mumewe.

"Endelea, Baba Olivier. Sasa iko sawa."

Akaendelea, bila kujua kama ni kweli.

Walipokuwa njiani kurudi, aliuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuwaitika watoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Wiki iliyofuata alimwomba mchungaji wa Shively atafute mpigaji mwingine. Hakupatikana. Sasa wanaimba bila kinanda, naye hukaa karibu na Spés, akifuata maneno kwa kumtazama midomo.